Barua ya wazi kwa viongozi wa mkoa wa Tanga: mguu usiopata damu hausubiri safari ya Dar es Salaam

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga, Mganga Mkuu wa Mkoa, Wakurugenzi wa Halmashauri, Waganga Wakuu wa Wilaya, na Waganga Wafawidhi wa hospitali na vituo vya afya.

YAH: KUPIMA MAPIGO YA DAMU KWA KILA MAJERUHI WA MKONO AU MGUU, NA KURUDISHA DAMU KATIKA KIUNGO KABLA YA RUFAA

Waheshimiwa,

Ninawasalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Ngamiani, niliyefanya kazi kwa miaka 33 katika wodi na vyumba vya upasuaji vya hospitali kadhaa za mkoa huu na za mikoa ya jirani. Sikuwahi kuwaandikia viongozi nilipokuwa kazini, na pengine hilo lilikuwa kosa langu. Ninaandika sasa kwa sababu ya jambo moja tu, nalo ni mishipa ya damu inayokatika, kuchanika au kuziba kutokana na ajali, na ile inayoumizwa na mikono yetu wenyewe tunapotibu. Ninaomba mnivumilie nilieleze kwa kirefu, kwa kuwa nimegundua kuwa hata watu wa afya wengi hulipitia haraka.

Mtoto wa marehemu dada yangu ni dereva wa bodaboda. Siku ya ajali aligongwa na gari saa mbili asubuhi, akatupwa pembeni ya barabara, goti la kulia likachomoka. Vijana wenzake waliomwinua wanasema goti lilikuwa limekaa upande, na walipomnyoosha ili wamlaze kwenye bajaji lilirudi lenyewe mahali pake kwa mlio waliousikia wote. Wakamfikisha kituoni, kituo ambacho sitakitaja kwa sababu lililotokea pale lingeweza kutokea karibu kila mahali. Akapigwa picha ya eksirei, ikaonekana hakuna mfupa uliovunjika. Akachomwa sindano ya maumivu, goti likafungwa bandeji, akapewa kitanda. Alipolalamika kwamba unyayo unakufa ganzi aliambiwa ni uvimbe, utashuka.

Nilikuwa Lushoto msibani. Nilifika saa kumi jioni. Jambo la kwanza nililofanya ni lile ambalo tulifundishwa tukiwa wasichana wa mwaka wa kwanza: nilishika nyayo zote mbili kwa wakati mmoja, mkono huu huku na mkono huu kule. Wa kushoto ulikuwa na joto la mtu aliye hai. Wa kulia ulikuwa wa baridi kama samaki aliyetolewa kwenye barafu, na rangi yake imekuwa ya majivu. Niliweka vidole viwili juu ya unyayo, pale mshipa unapodunda, kimya. Niliviweka nyuma ya kifundo cha ndani, kimya pia. Zilikuwa zimepita saa nane.

Barua ya rufaa iliandikwa haraka, hilo nawashukuru. Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mzazi mahali pengine, likarudi, likatafutiwa mafuta, tukaondoka saa mbili usiku. Tulifika Dar es Salaam saa nane usiku. Tangu ajali zilikuwa saa 18. Daktari aliyempokea alimpima kwa dakika chache, akanitoa pembeni, akaniambia kwa upole kwamba misuli ya chini ya goti imekwisha kufa na kwamba kuurudishia mguu ule damu sasa kungemwaga sumu mwilini na kumuua kijana mwenyewe. Akakatwa juu ya goti. Ana miaka 24.

Nilisoma faili lake lote. Lilikuwa na kurasa sita. Shinikizo la damu limeandikwa mara nne, joto mara nne, dawa na saa zake zimeandikwa kwa mwandiko safi. Hakuna mahali popote palipoandikwa neno moja kuhusu mapigo ya mguu.

Sikuandika haya ili mtu afukuzwe kazi. Tabibu yule alifanya alichofundishwa kukitazama, yaani mfupa, na picha ikamwambia mfupa ni mzima. Tatizo ni kwamba picha ya eksirei haionyeshi mshipa wa damu. Ateri, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, inayopita nyuma ya goti imeshikwa juu na imeshikwa chini, kama kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye miti miwili. Miti ikisogezwa kwa ghafla, kamba ndiyo inayopata shida. Mara nyingi haikatiki kabisa. Ngozi yake ya ndani ndiyo inayochanika, damu inaganda juu ya mchaniko, na mlango unafungwa taratibu. Nje hakuna hata tone. Mgonjwa anaweza kuendelea kuchezesha vidole kwa muda, na goti linaweza kuonekana limepona kwa sababu limerudi mahali pake. Ndiyo maana goti lililochomoka likarudi lenyewe ni la hatari kuliko lile linalofika hospitalini likiwa bado limekaa upande: hili la pili kila mtu analiogopa.

Misuli ikikosa damu kabisa huanza kufa isivyoweza kurudishwa baada ya takriban saa sita. Si kipimo cha rula. Mtu mwenye vijia vidogo vingi vya pembeni anaweza kupata muda zaidi, na aliyepoteza damu nyingi anaweza kupata muda mfupi zaidi. Hata hivyo, saa sita ndiyo hesabu ambayo madaktari wa upasuaji duniani kote wanaitumia kupanga kazi zao, na ndiyo ninayowaomba muiweke mbele yenu mnaposoma barua hii, kwa kuwa kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300, na kwenda Moshi ni zaidi ya kilomita 300 vilevile. Anayetoka Kilindi au milima ya Lushoto ana safari nyingine kabla ya kuianza hiyo. Kwa hiyo, majeruhi wa ateri anayepewa rufaa kutoka kwetu bila kuguswa, hata kama gari lipo, lina mafuta na dereva hajalala, anafika akiwa amekwisha kutumia muda wake wote barabarani. Tunampeleka akakatwe.

Kuna watu watakaosema kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri. Ninaomba tuangalie yalivyoanza. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mshipa mkubwa ukikatika kazi ya daktari ilikuwa kuufunga kwa uzi ili damu isimalizike, kisha kungoja. Mwaka 1946 madaktari Michael DeBakey na Fiorindo Simeone walichapisha hesabu ya majeraha 2,471 ya ateri kwa wanajeshi wa Marekani: waliofungwa mshipa, karibu nusu walipoteza kiungo, na kwa ateri ya nyuma ya goti walikuwa zaidi ya 7 katika kila 10. Miaka michache baadaye, katika vita vya Korea, madaktari walianza kuishona mishipa badala ya kuifunga, na waliokatwa viungo wakashuka hadi takriban 13 kwa kila 100. Hospitali zenyewe zilikuwa mahema, na kilichobadilika ni uamuzi wa kushona na mwendo wa kumfikisha majeruhi mapema.

Ufundi wenyewe wa kushona mshipa tuliurithi kwa Alexis Carrel, Mfaransa aliyekuwa daktari kijana mjini Lyon. Mwaka 1894 Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu katika mji huo na kufa kwa mshipa uliokatwa tumboni, kwa sababu hakukuwa na daktari aliyejua kuushona. Carrel akaenda kujifunza sindano nyembamba na uzi laini kwa mwanamke fundi wa darizi, akatangaza njia yake mwaka 1902, na mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel. Kila nikiwaona kina mama wa mjini kwetu wanaodarizi kofia, tundu kwa tundu bila kuvuta kitambaa, huwa nakumbuka kwamba elimu hii ilitoka katika mikono kama hiyo.

Sidai kwamba kila wilaya iwe na daktari bingwa wa mishipa ya damu. Ninajua ni wachache nchini, na ninajua inachukua miaka mingapi kumpata mmoja. Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho. Upo mrija wa plastiki, safi na laini, ambao daktari wa upasuaji wa kawaida anaweza kuuingiza ncha moja juu ya mahali mshipa ulipokatika na ncha nyingine chini yake, akaufunga usichomoke, damu ikapita ndani yake kama maji yanavyopita kwenye bomba la kuazima. Si matibabu ya mwisho. Ni daraja la muda. Lakini mguu unapata joto, unabadilika rangi, na mgonjwa anasafiri akiwa na saa kadhaa mkononi badala ya deni. Wazo hili lina umri wa zaidi ya miaka mia, kwa kuwa madaktari wa Vita Kuu ya Kwanza walitumia vijirija vya fedha. Siku hizi pasipo na mrija maalumu hutumika hata kipande cha mrija wa dripu au wa kulishia kilichotakaswa. Sambamba na hilo, daktari huyo huyo anapaswa kujua kupasua ala, yaani mifuko migumu inayoifunga misuli ya muundi, katika vyumba vyote vinne vya misuli hiyo, kabla uvimbe haujaibana misuli na kuinyonga kutoka ndani. Nimeshika vifaa katika upasuaji wa namna hiyo mara chache mno kwa miaka 33, na kila mara daktari alikuwa mgeni aliyepita.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, na hospitali za Korogwe, Handeni na Lushoto zinaweza kupewa uwezo huu kwa kumpeleka daktari mmoja mmoja akajifunze kwa majuma machache katika vituo vinavyoifanya kazi hii kila siku, kisha kumwekea trei moja iliyofungwa tayari: vibanio vya mishipa visivyoponda, nyuzi nyembamba, mirija ya muda na heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Trei hiyo ikae katika kabati lisilofungwa kwa ufunguo wa mtu aliyelala nyumbani. Nasema hili la ufunguo kwa uchungu, kwa kuwa nimesimama mbele ya kabati la namna hiyo usiku, mgonjwa mezani.

Lakini trei haitasaidia kama hakuna aliyegundua. Ombi langu la kwanza, na hili halihitaji bajeti, ni kwamba kila mtu anayeingia kituoni akiwa amevunjika, ameteguka au amekatwa mkono au mguu apimwe mapigo chini ya jeraha, yaandikwe kwenye faili pamoja na saa, na yarudiwe. Iwe sehemu ya fomu, kama shinikizo la damu lilivyo sehemu ya fomu. Anayeona mapigo hayapo, au kiungo ni cha baridi, kimepauka, kimekufa ganzi, kinauma kupita kiasi, au kuna uvimbe unaokua na kudunda, asingoje picha wala zamu ya asubuhi; ampigie daktari wa upasuaji hapo hapo. Palipo na kifaa kidogo cha doplaa, kile wanachotumia wakunga kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, hata hicho kinaweza kusaidia kusikia kama damu inapita, ingawa cha mishipa yenyewe ni bora. Tena kuna hesabu nyepesi: pima namba ya juu ya shinikizo la damu kwenye kifundo cha mguu ulioumia, igawe kwa ile ya mkono usioumia, jibu likiwa chini ya 0.9, mshipa huo una mashaka mpaka ithibitike vinginevyo.

Nimeona jinsi jambo hili dogo linavyookoa. Miaka kadhaa iliyopita aliletwa mtoto wa miaka saba aliyeanguka mwembeni huko Muheza. Kiwiko kilikuwa kimevunjika juu kidogo ya maungio, na kwa watoto mvunjiko huu ni wa kuogopwa kwa sababu ncha ya mfupa huubana au kuuchoma mshipa unaoshuka mkononi. Zamu ile alikuwapo daktari kijana aliyekuwa katika mwaka wake wa mafunzo ya vitendo. Aliushika mkono wa mtoto, akanyamaza, akaniambia, "Sista, hapa hapadundi." Hakungoja. Mtoto alipewa usingizi, mfupa ukanyooshwa kwa taratibu, na mimi nikiwa nimeinama nikitazama kucha niliona weupe ule ukiondoka, rangi ikirudi kuanzia kidole gumba. Daktari akachukua kalamu ya wino, akachora nukta nyeusi pale pale mapigo yalipokuwa yanasikika kwenye kifundo cha mkono, akamwambia mama mtu na wauguzi wote wa wodi kwamba kila nusu saa kidole kiwekwe juu ya nukta ile. Hatukuhitaji kutafuta. Usiku kucha tuliweka kidole penye nukta, tukaandika. Mtoto yule leo anaandika kwa mkono huo.

Angekuwa amefungwa plasta nzima, yaani hogo, papo hapo, hadithi ingekuwa nyingine. Plasta inayozungushwa mkono mzima juu ya mvunjiko mbichi haina pa kutanukia. Uvimbe ukija, hogo linakuwa kabari. Mjerumani Richard von Volkmann aliyaeleza matokeo yake mwaka 1881: misuli iliyokosa damu ndani ya bandeji iliyobana hufa, hukakamaa, na vidole hujikunja kama makucha ya ndege maisha yote. Ni zaidi ya miaka 140 sasa, na bado nimewaona watoto wa namna hiyo katika kliniki zetu, wengine wakitoka kwa mafundi wa mifupa waliowafunga vijiti vya mianzi na kamba, na wengine, lazima tuseme ukweli, wakitoka kwetu. Mafundi hao tusiwafukuze, maana wananchi wanawaendea na wataendelea kuwaendea. Tuwaite, tuwaonyeshe nukta, tuwaombe walegeze kamba na kutuletea mtu ambaye vidole vyake vimepauka. Na sisi tuanze na plasta ya nusu mpaka uvimbe ushuke, na mgonjwa anayerudi usiku akisema hogo linambana asiambiwe avumilie. Plasta ipasuliwe kwanza, mjadala ufuate.

Hapo nimeingia katika lile lililo gumu zaidi kuandika, yaani majeraha ya mishipa yanayotokana na tiba. Nianze na langu.

Usiku mmoja wa mwaka 1998, wodi ya watoto ikiwa na wagonjwa wawili wawili kitandani, nilimtafutia mshipa mtoto mchanga mwenye malaria kali. Mpira wa kufungia mkono ulikuwa umepotea, nikakata kipande cha glavu nikamfunga juu ya kiwiko, kama tulivyozoea sote. Kanula ikaingia, nikashangilia kimoyomoyo, nikaifunga plasta, nikashusha mkono wa fulana yake, nikaenda kwa mtoto mwingine aliyekuwa anadegedega. Kipande cha glavu kikabaki chini ya fulana. Baada ya karibu saa moja mama yake alinifuata, hakupiga kelele, aliniambia tu, "Dada, njoo utazame vidole vya mwanangu." Vilikuwa vya zambarau. Nilikata mpira ule mikono ikinitetemeka, nikakaa naye mpaka alfajiri nikiuangalia mkono ukirudi. Ulirudi, alhamdulillahi. Sikuandika katika kitabu chochote, kwa kuwa hapakuwa na kitabu cha kuandikia jambo kama hilo, na kwa kuwa niliogopa. Mama yule sikumweleza kilichotokea. Nimebeba hilo mpaka leo. Tangu usiku ule sijafunga mpira bila kuuacha mkia mrefu unaoonekana nje ya nguo, na niliwafundisha hivyo wote waliopita mikononi mwangu.

Najua siko peke yangu. Zipo sindano za mshipani zinazoingia kwenye ateri badala ya vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, hasa katika mkunjo wa kiwiko ambako ateri na vena zimelala karibu karibu. Mgonjwa hupiga kelele kwamba mkono unaungua hadi kwenye vidole, na mara nyingi huambiwa atulie. Asiambiwe atulie, sindano isimamishwe. Dawa kama promethazini, ambayo tunaitumia kila siku kwa kichefuchefu na mzio, ikiingia katika ateri huua vidole. Mwaka 2000 mwanamuziki mmoja huko Marekani alipoteza mkono kwa njia hiyo baada ya kwenda kutibiwa kipandauso, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimpa haki yake. Mwaka huo huo mamlaka ya dawa ya huko ikaamuru onyo zito liwekwe kwenye dawa hiyo. Dawa hii inaweza kuchomwa kwenye msuli mkubwa, au kumezwa. Hakuna haja ya kuisukuma mshipani kwa haraka kwa sababu foleni ni ndefu.

Kuna damu inayotolewa kinenani kwa watoto ambao mishipa ya mikono haionekani, na kuna mirija mikubwa ya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo inayoingizwa shingoni au kinenani. Hawa wa figo wanaongezeka, na huduma hiyo kusogea mikoani ni baraka. Lakini mrija unaoingizwa kwa kukisia unaweza kutoboa ateri ya jirani. Mashine ya ultrasaundi ikishikwa na mkono wa pili wakati sindano inaingia, daktari anaona anakokwenda. Mashine hizo tunazo. Nyingi zimefungiwa katika chumba cha wajawazito kuanzia saa tisa na nusu alasiri. Na kila mahali palipochomwa ateri pakandamizwe kwa vidole, dakika 10 hadi 15 kwa saa ya ukutani. Pamba na kipande cha plasta havitoshi.

Pasipokandamizwa vizuri, siku chache baadaye hutokea uvimbe. Ninaomba kila tabibu na kila muuguzi wa mkoa huu aambiwe jambo hili hata kama atasahau mengine yote ya barua hii: uvimbe wa kinenani, shingoni, kwapani au nyuma ya goti usipasuliwe kama jipu kabla ya kuwekewa kiganja na kusikilizwa. Ukidunda chini ya kiganja, au ukisikika ukivuma kwenye stetoskopu, hilo si jipu. Ni damu iliyotoka katika ateri iliyotoboka na kujitengenezea mfuko, na anayeupasua katika chumba cha vidonda, akiwa na wembe na kidishi, hatakuwa na muda hata wa kuita mtu. Nimeona mara moja. Mgonjwa alikuwa mvuvi, baba wa watu, aliyekuja kwa miguu yake.

Kwa hiyo ninaomba kiwepo kitabu katika kila hospitali cha kuandikia madhara yaliyotokana na tiba, kisomwe kila mwezi na waganga na wauguzi pamoja, bila kutafuta mchawi. Na mgonjwa aambiwe. Akiambiwa mapema anatibiwa mapema. Akifichwa, anarudi baada ya juma moja na kidole cheusi, au harudi kabisa. Mama wa mwaka 1998 aliniokoa mimi na mwanawe kwa sababu alitazama vidole. Ndugu wa mgonjwa ni macho ambayo hatuyalipi mshahara.

Kuhusu usafiri, tayari mnao mfano. Mpango wa m-mama, kwa namba 115, unawafikisha wajawazito na watoto wachanga hospitalini kwa kutumia hata magari ya watu binafsi pale gari la wagonjwa linapokosekana, na umeonyesha kwamba katika nchi hii simu inaweza kupigwa na gari likaja. Majeruhi wa ajali naye anastahili mtu wa zamu anayejua gari liko wapi, hospitali gani ina daktari wa upasuaji usiku huo, na damu ya kuongezewa ipo chupa ngapi. Na suala la PF3, ile fomu ya polisi, lisimsimamishe majeruhi mlangoni. Atibiwe, fomu itafuata.

Vijana wa bodaboda wa Kange, Pongwe, Segera na vijiweni kote ndio wanaofika kwenye ajali kabla ya yeyote, na wakata mkonge na wale wanaolisha mashine ya korona, ile ya kusaga majani ya mkonge kutoa nyuzi, katika mashamba ndio wanaoona mikono ikikatwa na chuma. Wafundishwe kwa siku moja tu: kitambaa safi na kiganja, ukandamize kwa nguvu mahali panapotoka damu na usiachie kuchungulia, kahawa, majivu na tumbaku visiwekwe kwenye jeraha. Damu ikiwa inaruka na kiganja hakiwezi, ndipo kitambaa kipana kifungwe upande wa juu wa jeraha, si juu ya jeraha lenyewe, kwa kijiti cha kukazia, na saa iandikwe kwenye paji la uso la majeruhi kwa kalamu, kwa sababu kifungo hicho kikizidi saa mbili nacho kinaanza kuumiza. Kamba nyembamba, waya na mpira wa baiskeli wa kukatwa vipande vinakata nyama na neva, na mara nyingi vinaziba vena tu, damu ikazidi kumwagika.

Waheshimiwa, maandalizi ya bajeti yakifika, ninaomba nione katika mipango ya halmashauri zetu mistari michache: mafunzo ya madaktari hao wanne au watano, trei zao, doplaa za mkononi, na karatasi ya uangalizi yenye safu ya mapigo na saa. Hili la mwisho linaweza kuanza Jumatatu ijayo kwa kuongeza safu kwa kalamu na rula. Ninaomba pia mjibu barua hii hadharani, mkieleza ni lipi linawezekana mwaka huu na lipi halitawezekana, ili wananchi wajue.

Mimi mwenyewe bado nina nguvu. Kituo chochote cha mkoa huu kitakachoniita nitakwenda, nauli nitajilipia, nikae na wauguzi wa zamu kwa saa mbili, tushikane miguu na mikono mpaka kila mmoja aweze kupata mapigo ya unyayo akiwa amefumba macho. Mpwa wangu ameniambia atafuatana nami. Anasema mguu wake wa kushoto ni mzuri wa kufundishia, mapigo yake yako juu juu, na nukta ya wino hukaa siku tatu kabla ya kufutika.

Wenu katika utumishi,

Muuguzi mstaafu,
Ngamiani, Tanga.